Fundi Wino na Bango la Mchango

Fundi Wino hakuweza kupita mbele ya maandishi akanyamaza. Akiona kibao cha dukani kimeandikwa kwa pupa, husimama, hufunga mikono nyuma kama mkaguzi wa shule, kisha husema kwa sauti inayofika mpaka ndani, "Hii S imelewa." Siku moja kinyozi wa mtaa ule alitoka na mkasi mkononi kuuliza ni nani aliyelewa. Tangu hapo Fundi Wino akawa ananyolewa na mkewe, ambaye ni fundi cherehani na hunyoa kama anayekata kitambaa.

Duka lake la uchapaji lilikuwa chumba kimoja kilichobanwa kati ya muuza viatu na muuza ndoo za plastiki. Ndani mlikuwa na printa kubwa aliyoipenda, printa ndogo aliyoitukana, kompyuta iliyokohoa kila ilipowashwa, na pazia la buluu kwa ajili ya picha za vitambulisho. Alichapa kadi za harusi, vyeti, matangazo ya vyumba vya kupanga na barua za kuomba kazi. Tatizo lake lilikuwa maua. Hakuna karatasi iliyotoka mikononi mwake bila kupata ua pembeni, mkia kwenye herufi, au kitone cha rangi mahali ambapo hakuna aliyekiomba. Kijana mmoja aliyeomba kazi ya ulinzi alipigiwa simu na mwajiri akiulizwa harusi itakuwa ukumbi gani.

"Kazi bila pambo ni risiti," Fundi Wino alikuwa akisema, na ukimwambia kwamba wewe ulitaka risiti, alikuonea huruma.

Mtu mmoja tu duniani alikuwa anaweza kumfanya anyamaze, naye ni dada yake. Mama yao alifariki Fundi Wino akiwa na miaka minne na Dada Mkubwa akiwa na kumi na tatu. Yeye ndiye aliyemlea. Alimwosha, alimlisha, alimchapa inapobidi, akamfundisha kusoma kwa karatasi za kufungia sukari. Sasa Fundi Wino alikuwa na umri wa miaka hamsini na miwili, ana mke, watoto waliokwisha kuoa, na kitambi cha heshima, lakini akisikia sauti ya dada yake bado huangalia kwanza kama kucha zake ni safi. Alimpenda kuliko alivyojua kusema. Ndiyo maana alikuwa akimchapia vitu.

Dada Mkubwa aliendesha kituo cha kulea watoto wadogo ambao mama zao huondoka alfajiri kwenda kuuza sokoni. Walikuwa watoto thelathini na wanane na vyumba viwili, mpaka upepo ulipokuja na kubakiza chumba kimoja na nusu. Chumba kikubwa kilibaki na kuta zake nne na mbao chache za juu. Mabati yake mengine yaliokotwa mtaa wa pili yamekunjamana kama karatasi, mengine hayakuonekana tena. Afisa wa afya alifika, akaingia, akatazama juu, akaona mawingu. Akaandika kwamba chumba kiezekwe kabla mvua hazijaanza, la sivyo kituo kifungwe na watoto warudishwe kwao. Mvua zilikuwa zimebakiza wiki tano.

Kamati ya kituo ikakaa. Kamati ilikuwa watu watatu: Dada Mkubwa mwenyekiti, Katibu ambaye alikuwa karani mstaafu aliyependa maneno marefu kuliko chakula, na mjumbe ambaye ni mke wa Fundi Wino, aliyekuwa anawashonea watoto sare. Wakakubaliana kufanya hafla ya kuchangia paa, Jumamosi ya wiki ya pili, pale pale kituoni.

"Bango niachieni mimi," alisema Fundi Wino, ambaye hakuwa mjumbe bali alikuja kumsindikiza mkewe.

"Liwe la kueleweka tu," Dada Mkubwa akasema.

Mtu mwingine angesikia onyo hapo. Fundi Wino alisikia ruhusa.

Alilifanyia kazi siku tatu. Katikati aliweka picha ya mtoto mmoja wa kituo, kashika tumbo kwa mikono miwili, mdomo wazi, macho yamefumbwa. Ukweli ni kwamba mtoto yule alikuwa anacheka, maana wakati wa kupigwa picha Katibu alikuwa amekalia kiti kibovu na kiti kikamwacha. Lakini Katibu hakuwemo kwenye picha, kwa hiyo aliyebaki ni mtoto na tumbo lake. Juu ya picha, kwa herufi nyekundu zenye mikia, Fundi Wino aliandika: TOA MCHANGO WA MTOTO! Chini yake, ili watu wasiogope kwamba watakamuliwa, akaongeza: HAKUNA MAUMIVU. KILA MTU ANAWEZA. FIKA KITUONI. Habari za paa, siku na saa aliziweka chini kabisa, ndani ya ua kubwa la zambarau, ambalo lilipendeza mno likazimeza zote.

Neno mchango Fundi Wino alilijua kwa maana zake zote mbili, kama unavyolijua wewe na mimi: upo mchango unaotoka mfukoni, na upo ule mnyoo unaotoka tumboni. Lakini mtu aliyezama siku tatu kwenye mkia wa herufi G hana nafasi ya kufikiria minyoo. Jumapili akabandika mabango arobaini, moja kwenye geti la zahanati kwa sababu ukuta wake ulikuwa mweupe na ulimtamanisha. Usiku akalala usingizi wa mtu aliyetimiza wajibu wake.

Jumatatu saa mbili asubuhi simu ikalia.

"Wino."

"Naam, Dada."

"Uko wapi?"

"Dukani."

"Funga duka."

"Dada, nina mteja hapa, anapigwa picha ya..."

"Mfungie humo humo. Njoo."

Aliikuta foleni imeanzia mlango wa kituo, imekata kona, imefika kwa muuza mkaa. Akina mama walikuwa wamewashika watoto mikono, wengine wamewabeba mgongoni, na watoto wale walikuwa na sura za watu waliodanganywa kwamba wanakwenda kununuliwa biskuti. Mara ya kwanza moyo wake ulimwenda juu kwa furaha. Akadhani bango limewaleta wachangiaji kabla ya siku. Alikaribia kumpa mkono mama wa mbele.

"Wewe ndiye daktari?" mama yule akamuuliza.

"Mimi ndiye niliyechora bango."

"Basi tuambie, mnatoa kwa vidonge au kwa dawa ya maji? Maana huyu wangu vidonge anavitema."

"Tunatoa nini, mama?"

"Si mchango! Au mmeshaanza kubadilisha maneno?"

Nyuma yake mwanamke mwingine akanyanyua kopo la mafuta ya kupaka lililofungwa kwa mfuko wa nailoni. "Mimi nimekuja na kipimo kabisa," alisema kwa fahari, kama mwanafunzi aliyefanya kazi ya nyumbani peke yake darasani. Fundi Wino alirudi hatua mbili. Mzee mmoja aliyekuwa na fimbo akamvuta shati, akamnong'oneza kwamba yeye hana mtoto, mchango wake ni wa tangu ujanani, lakini bango limesema kila mtu anaweza.

Mambo hayajatulia, akatokea muuza dawa za mitishamba wa sokoni, amevimba kwa hasira. Alipasua foleni mpaka mbele.

"Mwenye kituo yuko wapi? Mimi nimetoa michango ya mji huu miaka ishirini! Leo mnafungua yenu, bure, hakuna maumivu, hata kubisha hodi kwangu hamkubisha?"

Dada Mkubwa alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani. Hakupiga kelele. Alimwambia yule bwana, "Karibu ukae, baba, leo hata sisi tunashangaa." Akamtuma mlezi mmoja zahanati. Nesi akaja, akalisoma bango, akaegemea ukuta, akateleza taratibu mpaka akakaa chini kabisa, mabega yakimtikisika. Alipopata nguvu ya kusimama alisema kwamba vidonge vya minyoo anavyo tele na watu wa kuvimeza ndio huwa hawaji. Mpaka saa sita foleni nzima ilikuwa imemeza, pamoja na mzee wa fimbo, ambaye aliomba viwili.

Watu walipoondoka, Dada Mkubwa alimshika ndugu yake mkono, akampeleka kwenye chumba kisicho na paa. Jua lilikuwa limejaa humo mpaka kwenye pembe. Vikombe vya watoto vilikuwa bado vimetundikwa ukutani, kila kimoja na jina lake, vimeshika vumbi.

Fundi Wino alijiandaa kugombezwa. Alishika mikono mbele. Lakini dada yake alikaa kwenye kigoda cha watoto, akanyoosha miguu, akaangalia viatu vyake.

"Nimechoka, Wino," akasema. "Leo nilipoona foleni ile, nilisema moyoni, wamekuja. Hatimaye wamekuja. Kabla sijajua wamekuja kwa nini." Akapangusa kiatu kimoja kwa kidole. "Jumamosi ile wasipokuja, sitangoja afisa anifungie. Nitafunga mwenyewe. Nitawaambia mama zao wenyewe, kwa mdomo wangu."

Maishani mwake Fundi Wino alikuwa amemwona dada yake akikasirika, akiumwa, akizika, lakini hakuwahi kumsikia akisema amechoka. Alihisi kama mtoto anayeona mtu mzima akianguka. Aibu ya bango ilimtoka, ikaingia hofu, nayo ilikuwa nzito zaidi.

"Nitalitengeneza upya," akasema. "Alhamisi litakuwa ukutani."

"La kueleweka."

"La kueleweka, Dada. Naapa."

Jioni ile kamati ilikaa dukani, wakiwa wamebanana kati ya printa mbili. Jambo la kwanza lilikuwa kulifukuza neno mchango, na hapo wote walikubaliana. Jambo la pili lilikuwa ni neno gani lishike nafasi yake, na hapo Katibu akafungua daftari.

"Mimi napendekeza: Hafla ya Uhamasishaji wa Ukusanyaji wa Rasilimali kwa Ajili ya Ukamilishaji wa Urejeshaji wa Paa."

Printa ndogo ikatoa mlio.

"Mtu akianza kulisoma hilo asubuhi," mke wa Fundi Wino akasema, "akifika mwisho hafla imeshakwisha."

"Lina heshima."

"Lina urefu, Katibu. Heshima sijaiona."

Fundi Wino akasema ana lake. Alikuwa amesoma kwenye kumbukumbu za Katibu kwamba upepo uliezua paa, na neno lile lilikuwa limemkaa vizuri mdomoni. Akaugeuza uso wa kompyuta wote waone. Alikuwa ameshaandika, kwa herufi za dhahabu: TUEZUE PAMOJA!

Mkewe alilitazama muda mrefu.

"Baba watoto, kuezua ni kufanya nini?"

"Si kuweka paa?"

"Kuweka paa ni kuezeka."

"Basi kuezua ni hiyo hiyo, ila kwa nguvu zaidi."

"Kama kuziba na kuzibua?"

Fundi Wino akalisoma tena neno lake la dhahabu.

"Bango lako," mkewe akaendelea, bila haraka, "linawaalika watu wa mji mzima waje kung'oa na kile chumba kilichobaki. Na kwa jinsi watu walivyokuitikia leo, watakuja na nyundo."

Katibu alicheka mpaka akavua miwani. Dada Mkubwa hakucheka. Alikuwa anamtazama ndugu yake kwa macho yale ya mchana, ya kuchoka. Fundi Wino akafuta dhahabu yote. Kioo cha kompyuta kikabaki cheupe, na kwa mara ya kwanza tangu afungue duka hakujua aweke nini.

"Semeni kama mnavyosema kwa jirani," mkewe akasema. Alikuwa ameingiza uzi kwenye sindano, anashona kifungo cha sare, pini mbili mdomoni. "Mvua inakuja. Watoto hawana paa. Njoo na bati moja."

Hakuna aliyeongeza. Hata Katibu alifunga daftari.

Fundi Wino aliumia, tusifiche. Miaka ishirini na sita ya kazi, halafu maneno yanatoka kwa mtu mwenye pini mdomoni, anayefikiria kifungo. Lakini aliyasoma moyoni mara mbili na kila mara yalimfikisha kwenye kile chumba chenye jua. Akayaandika.

Kesho yake alikwenda kituoni na kamera. Alilala chali sakafuni, katikati ya chumba, kitambi juu, ili apige picha ya mahali paa lilipokuwa. Watoto walipomwona mtu mzima amelala chini mchana, walikuja nao wakalala, mmoja mmoja, mpaka akazungukwa. Walitazama juu pamoja. Ndege akapita. "Hapo ndipo mvua itaingia," mtoto mmoja akamweleza, kama mwenye nyumba anayemwonyesha mgeni mlango. Fundi Wino akapiga picha haraka kwa sababu macho yalianza kumwasha.

Picha ilitoka vizuri kuliko alivyotarajia: ncha za kuta nne, mbao tatu, na katikati anga tupu lenye wingu moja. Akaiweka ijaze bango zima. Akaandika maneno ya mkewe chini yake kwa herufi za kawaida, ndogo ndogo, zilizosimama wima. Akaandika siku na saa kwa ukubwa ule ule. Mkono wake ulikuwa ukienda wenyewe kwenye maua na yeye anaurudisha. Hakuweka ua. Hakuweka mkia. Alipomaliza alilitazama, akaona kwa kweli lilikuwa bango zuri kuliko yote aliyowahi kuyatengeneza, na moyo ukamwuma kwamba hakuna mtu angejua ni lake.

Basi akagusa nukta moja. Moja tu. Maneno ya mwisho kwenye sentensi yalikuwa bati moja, na ile i ya bati ilikuwa na nukta yake juu, imekaa bure. Fundi Wino akaifanya nukta ile kuwa tone la mvua, la buluu. Kisha, kwa kuwa tone halikai hewani, akaliacha lidondoke, likatua kando ya mguu wa i, upande wa kushoto, limenona, limegusa kabisa. Alisimama mbali akalifurahia. Nukta moja, nani atakufa?

Jumatano jioni mabango yakachapwa. Mkewe alipouliza kama ameongeza kitu, alijibu kwamba ameongeza mvua.

Jumamosi ya hafla, saa tatu na nusu, viti vya kuazima vilikuwa vimepangwa kwenye chumba kisicho na paa na hakuna aliyekaa isipokuwa kamati. Katibu alikuwa na hotuba ya kurasa saba. Dada Mkubwa alivaa gauni lake la buluu na kuweka mikono mapajani. Hakuwa anatazama mlango. Fundi Wino ndiye aliyekuwa akiutazama, na kila mtu akipita nje, yeye alikuwa ananyanyuka nusu.

Saa nne kasoro kumi mlango ukafunguka. Akaingia yule mzee wa fimbo, amevaa koti, na kwapani amembana bata.

"Nimemleta," akasema.

Kamati ikamtazama bata. Bata akaitazama kamati.

"Karibu, baba," Dada Mkubwa akasema taratibu. "Ni zawadi?"

"Zawadi ya nini? Si mmesema wenyewe kwenye karatasi?" Mzee akatoa bango alilolibandua ukutani, akalikunjua, akaweka kidole chini ya neno. "Njoo na bata moja. Hata mimi nilijua inatakiwa iwe bata mmoja. Nikasema, hawa ndio walewale wa mchango, kuandika ndiko kunawashinda, roho zao nzuri. Nikamchukua mmoja."

Dada Mkubwa alilitazama neno. Akaona tone la buluu lililonona limeshikamana na mguu wa i na kuwa a safi kabisa, ya kitabuni. Kisha akageuza shingo, polepole, kumtafuta ndugu yake. Fundi Wino alikuwa amejishughulisha sana na kunyoosha kiti kilichokuwa kimenyooka.

Kabla hajaitwa, mlango ukafunguka tena. Aliingia yule mama ambaye mtoto wake hutema vidonge, na nyuma yake mumewe amebeba bati kichwani. Kisha wakaja akina mama wanne wa ile foleni, wawili kwa bati moja, wakicheka. Kisha fundi seremala kutoka mtaa wa mbali ambaye hakuna aliyemjua. "Nilisikia kazini habari ya mchango," akasema, "nikasema lazima nikawaone hawa watu kwa macho." Alikuwa na mabati mawili na mfuko wa misumari. Akaja mama na bata wa pili. Akaja nesi na wenzake watano. Akaja dereva wa lori ambaye habari ile alisimuliwa na abiria, abiria alisimuliwa na shemeji yake, na katika safari hiyo foleni ilikuwa imefika watu elfu moja na Katibu amemezeshwa kwa lazima. Dereva aliomba aonyeshwe Katibu.

Kufika saa tano viti vilikuwa vimekwisha na watu wamesimama ukutani. Mabati yaliegemezwa nje, yakipiga kelele kila moja lilipoongezwa. Na wa mwisho kuingia alikuwa muuza dawa za mitishamba, na mkokoteni wenye mabati kumi. Alitaka ijulikane kwamba hajasamehe. Lakini tangu bango lile libandikwe, alisema, mji mzima umekumbuka kwamba una matumbo, na hajawahi kupata wateja kama wiki hii. "Mtakapoandika tena," akamwambia Dada Mkubwa, "mnipe taarifa mapema, niagize mizizi."

Yalihitajika mabati hamsini. Seremala alihesabu nje, akarudi akasema ni hamsini na saba, na bata watatu. Akasema mbao ni nzima, Jumatatu wanaweza kuanza.

Dada Mkubwa akasimama kuhutubu. Katibu akamnyooshea zile kurasa saba, yeye akazisukuma pembeni.

"Wino," akasema. "Njoo mbele."

Fundi Wino akaenda. Watu walikuwa wakinong'onezana kwamba ndiye huyo, ndiye yeye. Alisimama kando ya dada yake, akaangalia kucha zake.

"Huyu," Dada Mkubwa akasema, "ndiye aliyeandika toa mchango. Ndiye pia aliyeandika bata." Kicheko kikapasuka, kikaenda juu moja kwa moja kwa sababu hapakuwa na cha kukizuia. Alingoja kiishe. "Mimi nimeandika barua za kukiombea kituo hiki kwa watu wa mji huu miaka sita. Nimeandika ofisini, madukani, kwa wenye magari. Maneno yote sahihi. Mwandiko safi. Hakuna neno hata moja mtu angeweza kulicheka. Hakuja mtu." Sauti yake ikapungua, lakini hapakuwa na aliyekosa kumsikia. "Mdogo wangu kakosea neno moja, mkaja wote. Kakosea la pili, mkaja na bata. Mimi ndiye niliyemfundisha kusoma. Namshukuru Mungu sikumfundisha vizuri."

Akaweka mkono kichwani kwa ndugu yake, juu ya ile mistari ya mkasi wa mkewe, mbele ya watu, akauacha hapo. Fundi Wino alitaka kusema kitu cha kuchekesha. Badala yake mtu mzima wa miaka hamsini na miwili alilia kwa sauti, mbele ya kamati, mbele ya mji, na mbele ya bata watatu, na hakuna hata mmoja aliyemcheka.